Mume wangu aliitega WiFi ya nyumbani, nikasomewa karatasi mbele ya mama mkwe

Admin, ficha jina langu, na wale wa kutukana kwenye comments waanze tu, nimewazoea. Nina miaka 31, ninaishi Mwiki, Ruiru, na mume tuliyeoana naye miaka sita iliyopita. Tuna binti mmoja wa miaka minne. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Mume wangu ni fundi wa kuwekea watu intaneti kwenye ploti za kupanga. Mimi hufanya kazi za mtandaoni nikiwa nyumbani. Nilikuwa nimemwambia kwamba nasikiliza rekodi na kuzichapa. Huo ni uongo, nakubali. Kazi yangu halisi ni kujibu meseji kwenye tovuti ya wachumba ya ng'ambo. Wanaume wapweke wanadhani wanaongea na msichana mrembo wa kwao, kumbe ni mimi, nimejifunga leso na maharagwe yako jikoni. Picha si yangu, jina si langu, na sijawahi kuonana na hata mmoja. Nilificha kwa sababu niko kwaya na niliona aibu. Hilo kosa ni langu.

Mwezi uliopita alichukua router yetu, kile kisanduku cha WiFi, akaichezea jioni nzima. Nilipouliza, akasema, "Naipea update, iwe fasta." Nikamletea na chai, mjinga mimi. Kumbe alikuwa ameondoa programu iliyokuja nayo akaweka nyingine, inayoandika kila simu na kila kompyuta ya nyumba imeingia tovuti gani na saa ngapi. Haionyeshi ulichoandika. Inaonyesha tu mlango ulioingia.

Hakuniuliza neno. Wiki tatu alikula chakula changu huku akikusanya. Halafu Jumapili moja tukitoka kanisani, mtoto akiwa kwa jirani, akasema twende Witeithie tukamsalimie mama yake. Nikanunua hadi mkate na maziwa. Tulipofika, kaka yake mkubwa alikuwa ameketi tayari, anatungoja. Mume wangu akatoa kwenye koti karatasi zilizobanwa pini.

"Mama, skiza. Saa tatu mpaka saa saba, site ya kutafuta wachumba. Kila siku, nikiwa job."

Mama mkwe akapiga makofi. "Haiya! Na vile mimi naambia wamama wa kanisa bibi ya kijana yangu anafanya kazi ya kompyuta!"

Nilieleza kila kitu. Nilifungua simu nikawaonyesha mkataba wa kazi. Shemeji akauangalia akasema, "Hata kama ni kazi, ni kazi gani ya kuitana darling na watu haujui?" Hayo ningeyameza, maana uongo wangu ndio uliyazaa. Lakini mama mkwe hakuwa amemaliza.

"Hiyo jina yangu mtaitoa kwa huyo mtoto," akasema. "Mimi siwezi peana jina kwa mtoto sijui wa nani."

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kumvua mtoto jina hilo ni kumwambia hana ukoo. Mwanamke huyu nilimwogesha kwa mikono yangu alipofanyiwa operesheni ya goti, mwezi mzima.

Nikanyakua zile karatasi nizirarue, lakini kabla sijazirarua nikaona mstari wa kwanza. Fundi mzima alisahau kwamba simu yake pia inatumia WiFi hiyo hiyo! Jioni ile ile aliyokuwa akinywa chai yangu, simu yake, imeandikwa kwa jina lake, ilikuwa imeingia tovuti ya maabara ya kupima DNA. Jioni iliyofuata, tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikasoma kwa sauti, nikamwuliza, "Hii ni siku ya kwanza. Ulikuwa hujaona kitu yangu hata moja. DNA ilikuwa ya nani?"

Akatazama viatu vyake. Mama yake ndiye aliyejibu, bila hata haya. "Ni mimi nilimwambia. Huyo mtoto hakuna mahali anafanana na sisi."

Kwa hivyo router ilifunguliwa kutafuta ushahidi wa hukumu iliyokwisha kutolewa. Kazi yangu iliwapa tu kisingizio.

Sasa amepanga Ijumaa ijayo tumpeleke mtoto Thika akapimwe. Anasema nikikataa, nimejijibu. Majibu hayanitishi. Tangu nimjue huyu mwanamume sijakuwa na mwingine. Kinachonikera ni kwamba majibu yakitoka watacheka, wataniita tule nyama ya kupatana, na nitatarajiwa kurudi jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikikataa, mtoto wangu atakua akinong'onezewa.

Kwa sababu ya lile jina, baba yake alikuwa akimwita Mami. Tangu Witeithie anasema "huyu mtoto". Jana asubuhi binti yangu alimfuata hadi mlangoni akamshika suruali: "Baba, ni mimi Mami. Umesahau?" Alitoa ule mkono akaenda kazini.

Ijumaa haiko mbali. Wenye watoto na wakwe, niambieni: nimpeleke apimwe ndio niwafunge midomo, au nimbebe niondoke kabla hajazoea kuitwa "huyu mtoto"?