Siagi Kwenye Sili ya Injini

Nimewahi kuchomoa vitu vingi kwenye injini za watu. Panya aliyekauka. Jino la gia. Kijiko cha chai.

Siagi sikuwahi, mpaka mwaka jana kwa wakwe zangu.

Mniache niseme, maana hasira haijaisha yote.

Mimi ni fundi, naitwa Zorig. Nimeoa kwa mzee Choijil, mfugaji wa huku milimani Mongolia, mwenye kondoo wengi na maneno mengi kuliko kondoo.

Baridi ilikuwa inabisha hodi. Kila mwaka wakati huo tunahamia malisho ya ng'ambo ya mlima. Shemeji alishatangulia na mifugo. Tuliobaki ni mimi, mke wangu Nomin, mtoto wetu anayenyonya, mzee na mama mkwe Dulmaa, pamoja na hema na masanduku. Theluji ikifunga ile njia ya juu kabla hatujapita, tumekwama mahali pasipo na nyasi wala kuni.

Na gari la mzee, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, linavuja oili.

Nikaingia chini. Inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Ni sili ya nyuma, pete inayozuia oili pale krenki, ile shafti kuu ya injini, inapotokeza. Ukiiacha, oili inalowanisha klachi, klachi inateleza, na ule mlima mnaupanda roho mkononi hata gari likiwa zima.

Pete yenyewe ni kitu kidogo. Balaa ni kuifikia. Unashusha giaboksi pamoja na boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, unatoa klachi, unatoa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, yote umelala chali juu ya ardhi ya barafu.

Nilikuwa nimeagiza sili mbili mjini, moja ya akiba. Zile za kisasa, zinakuja na kikombe cha plastiki kinachofunika mdomo wake. Zinafungwa kavu. Kavu kabisa! Ukipaka oili au grisi, mdomo haushiki krenki, na inavuja.

Nikashusha vyote, nikasafisha kila kitu. Nikaitwa chai. Nikarudi, nikafunga sili kwa adabu zote, nikaiacha itulie mpaka asubuhi ndipo nikamwaga oili.

Nikawasha.

Ikavuja kuliko mwanzo.

Mzee Choijil akachuchumaa pembeni, kipande cha jibini kavu shavuni.

"Mkwe, mbuzi wangu akikojoa huwa anamaliza. Hili gari ulilotengeneza mbona halimalizi?"

"Baba, nimefunga vizuri."

"Vizuri ndiyo hivi? Nilimwambia Nomin aolewe na mfugaji. Farasi havuji."

Damu ikanichemka. Nikatupa spana, ikagonga ndoo ya maziwa.

"Basi hamisha familia kwa huyo farasi!"

Kwetu huwezi kumpandishia sauti baba mkwe. Mimi niliipandisha, na sikujuta.

Nomin akaja na mtoto kifuani. "Zorig, meza hasira. Unaliona wingu lile?"

Nililiona. Lilikuwa limeshakaa juu ya njia yetu.

Nikarudi chini, nikatoa kila kitu upya, nikitukana kimoyomoyo, na mara nyingine kwa sauti.

Nikaichomoa ile sili. Mdomoni ina kitu cha njano kimeganda. Grisi? Sikupaka grisi mimi.

Nikanusa.

Siagi. Ile ile tunayotia kwenye chai.

Nikatoka nayo. "Nani kapaka siagi hapa?"

Mama Dulmaa akaziba mdomo kwa mkono. Mzee akaanza kutazama milima.

"Baba?"

"Kitu kipya hakiingii kwenye mali yangu bila kupakwa siagi na kuombewa. Hema nilipaka. Mwanao alipozaliwa nilimpaka. Hiyo pete yako ni nani hata isipakwe?"

"Umepaka saa ngapi?"

"Ulipoitwa chai. Nikatoa kile kiplastiki, nikapaka, nikakirudisha. Kwa usafi kabisa."

"Umenidhalilisha mbele ya mke wangu kwa kosa lako mwenyewe!"

"Ningejuaje ni kosa? Nilijua umekosea wewe!"

Nilihema kwa hasira. Halafu likanijia jambo lililonitoa jasho kwenye baridi ile.

"Na ile ya akiba?"

"Nayo nimeipaka. Ningeibaguaje?"

Nikakaa chini. Nyingine iko mjini, na mji uko ng'ambo ya mlima.

Nomin ndiye aliyeuliza. "Baba, uliomba nini?"

Mzee akahamisha jibini kutoka shavu hili kwenda lile.

"Niliomba isimwangushe Zorig njiani. Si ndiye anayewabeba nyie wote?"

"Mbele yangu unanifananisha na mbuzi, nyuma yangu unaniombea?" nikafoka.

"Ulitaka nikuombee mbele yako, uvimbe kichwa?"

Nilijua kitu kimoja kinachokata mafuta hapa kambini.

"Lete ile vodka yako."

Aliitunza kwa ajili ya harusi ya shemeji. Akanitazama kama nimemwomba figo. Lakini akaileta.

Nikaiosha ile sili ya akiba kwa vodka, nikaifuta kwa kitambaa safi, nikaiosha tena mpaka ikakauka bila harufu, kisha nikaifunga na kurudisha vyote. Muda wote mzee alisimama na mjeledi wa farasi akifukuza kila mtu, mikono yake mwenyewe ameificha ndani ya mikono ya joho.

Kesho yake nikawasha. Chini pakavu.

Tukaanza kupanda, theluji ikaanza kudondoka. Klachi ikashika mpaka juu. Kwenye lile rundo la mawe ambapo kila msafiri husimama, mzee akashuka, akachungulia chini ya gari kwa muda mrefu. Kisha akaja dirishani kwangu, akatoa siagi kifuani, akanipaka kwenye paji la uso.

"Hapa je?" akaniuliza. "Patavuja?"

Nilitaka kuendelea kununa. Macho yakanisaliti.

Wakuu, somo langu ni hili: kama mkweo unamthamini, mwambie usoni, siyo nyuma yake. Na vipuri vyangu, mikono mbali.