Udongo wa Gari

Kaka yangu alipofariki aliacha mke, shamba la kahawa pale Ruanda, kijijini kwetu kati ya Mbeya na Tunduma, na gari kuukuu lililopita mikononi mwa wazungu wawili kabla ya kufika kwake. Tulipolipeleka kukaguliwa baada ya mazishi, lilikataliwa kwa sababu taa ya breki haikuwaka. Siku ya kuanua matanga, baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akakata shauri.

"Kesho anakuja mnunuzi kutoka Tunduma. Akikuta taa inawaka, gari ni la mjane, libebe kahawa yake. Isipowaka, alichukue akalikate vipande."

Shemeji yangu akageuka. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na ufundi wangu wote ulikuwa kumshikia kaka spana. Nikajua kazi imeniangukia.

Jua lilipotoka nikafungua taa, nikatoa globu na kuigusisha kwenye betri. Ikawaka. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikalala chini ya pedali, nikaunganisha nyaya za swichi moja kwa moja, nikaenda nyuma kutazama. Taa ilitoa wekundu hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu, kisha ikazima. Basi kosa halikuwa la swichi. Umeme ulifika, lakini kitu fulani kiliukwamisha.

Hapo nikakumbuka neno la kaka. Alijifunza ufundi kwa Mhindi mmoja wa Mbeya, na kila taa ilipofifia alikuwa akisema, "Hii imekosa udongo." Akishasema, anaingia chini ya gari. Sikuwahi kumwuliza anakwenda kufanya nini huko. Udongo nilidhani naujua, mimi mkulima.

Nikarudisha nyaya za swichi, nikafunga waya kwenye kikombe cha taa, kile chuma kinachoshika globu, na ncha ya pili nikaifukia ardhini kando ya mgomba. Shemeji akaketi kwenye usukani.

"Kanyaga, shemeji."

"Nimekanyaga."

Hakuna kitu.

"Labda udongo ni mkavu," nikasema.

Akashuka, akaleta kata ya maji, akamwagia pale nilipofukia. Akasimama akitazama.

"Shemeji, hiyo kahawa unayopanda itazaa lini?"

Tangu tuzike sikuwa nimemsikia akitania.

"Ikizaa, utachuma wewe."

"Nitachuma nikiwa kizee. Kaka yako angekuona angecheka mpaka aketi chini."

Tukacheka. Akarudi kwenye pedali bila kuambiwa. Mimi nikaung'oa ule waya kwa aibu, nikauvuta. Ncha yake ilipokuwa ikiburuzika ikagusa chesisi, ule mhimili wa chuma chini ya gari, pale jeki ilipochubua rangi. Taa ikawaka nyekundu kabisa. Nikaondoa waya, ikazima. Nikagusisha tena, ikawaka.

"Shemeji, usitoe mguu."

"Kwani nini?"

"Usitoe tu."

Kumbe udongo wa gari si huu tunaolima. Ni chuma chake lenyewe. Umeme ukishapita kwenye taa hurudi kwenye betri kwa kupitia mwili wa gari. Na mwili huo wakwe zetu, watu wa kwao shemeji, walikuwa wameufunika. Siku za matanga walifungua kila kilichofunguka, wakalipaka gari rangi nyeusi kumheshimu marehemu, mpaka chini ya kikombe cha taa, mpaka kwenye bolti. Mapenzi yao ndiyo yaliyozima taa.

Nikachukua kisu cha jikoni cha shemeji, nikakwangua pale taa inapokaa mpaka chuma kikang'aa. Nikakaza bolti. Ule waya nikauweka kando.

Mnunuzi alifika mchana. Kila mtu alimwita mulamu, yaani shemeji kwa Kibemba, hata baba mdogo, naye alituita vivyo hivyo.

"Mulamu, mzoga wenyewe ndio huu?" mnunuzi akamwuliza baba mdogo.

"Nenda nyuma ukautazame," baba mdogo akasema. Akaingia mwenyewe kwenye gari, ingawa hakujua kuendesha, akakanyaga. Mnunuzi alikuwa ameinama karibu na taa, na uso wake wote ukawa mwekundu.

"Kanyaga tena."

Baba mdogo akakanyaga, akakanyaga, kama anayesaga kitu kwa mguu.

"Mulamu, umeniita nije kuzika," mnunuzi akasema, "na mgonjwa mwenyewe ananikonyeza."

"Gari ni la mjane," baba mdogo akajibu, mguu ungali kwenye pedali.

Magunia ya kwanza ya kahawa tuliyapakia sisi wenyewe, tukaondoka kabla jua halijachomoza, mimi nikiendesha na shemeji kando yangu. Tulipofika kwenye kaburi la kaka, karibu na njia, nilikanyaga breki, ingawa barabara ilikuwa tupu. Shemeji akatoa kichwa nje, akatazama nyuma.

"Inawaka," akasema. "Mpaka majani ya pale kaburini yamekuwa mekundu."