Makoye na Shangingi Lililochelewa Kuamka

Kwa miezi saba Ng'washi hakutoka nje ya kijiji. Alianguka kwenye pikipiki wakati wa masika, akavunjika nyonga, na ingawa mfupa uliunga, hakuweza tena kupanda bodaboda wala kukaa juu ya magunia kwenye lori la mpunga. Na kwao, ndani kabisa ya bonde la Usangu, ukitaka kufika barabara kuu ni bodaboda au lori.

Alivumilia mpaka siku binti yao Violet alipopiga simu kutoka Makongolosi kusema amejifungua mtoto wa kiume. Ng'washi akapiga vigelegele, kuku wakatawanyika. Kisha akaingia ndani, na mumewe Makoye akamsikia akivuta kamasi.

Makoye ni mtu wa maneno machache. Mnadani, wenzake wakipigiana kelele, yeye huchuchumaa pembeni akiwatazama ng'ombe tu. Jioni ile alisema, "Mama Violet, nitanunua gari laini."

"Laini namna gani?"

"Lenye viti vya kuzama."

"Na ng'ombe je, baba Violet?"

"Watazaa."

Akauza madume yake yote. Ukiacha majike wa kuzaa, hakuwa na mali nyingine. Akikosea, madume yatakuwa yamekwenda na Ng'washi atabaki kumwona mjukuu kwenye simu.

Habari za gari zilitoka Iringa. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, Halfani, aliyekuwa anauza shangingi lake, gari la kifahari la kupanda milima, jeupe, lenye viti vya ngozi. Makoye aliwahi kuendesha lori la mpunga miaka sita, kwa hiyo usukani aliujua, ila injini hakuijua. Akampigia simu Tusajigwe, fundi wa Uyole, mwanamke mnene mcheshi ambaye huwa anatengeneza mashine za kukoboa za wakulima wa Usangu, wakakutana Iringa saa tisa alasiri.

Gari lilikuwa limeoshwa mpaka linatia aibu kulishika. Halfani aliwasha, na injini ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Tusajigwe akazunguka, akachungulia chini, akaweka sikio, akakanyaga mafuta, kisha akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Baba Violet, hapa umeokota," akamnong'oneza. "Lipa twende zetu."

Makoye alikuna kidevu. Alitazama gari muda mrefu, kama anayesubiri litikise mkia.

"Linalala wapi?" akauliza.

"Nini?" Halfani akashangaa.

"Gari. Usiku linalala wapi?"

"Hapa hapa uani, mzee wangu."

"Basi nitakuja kuliona likiamka."

Halfani alicheka mpaka kofia yake ikahama. Tusajigwe akamvuta Makoye pembeni. "Unaniaibisha, baba! Gari siyo ng'ombe."

Lakini Makoye hakuwahi kununua ng'ombe aliyemkuta amesimama. Baba yake alimfundisha hivyo: nenda alfajiri, mkute amelala, mtazame anavyoinuka. Akianza na miguu ya nyuma, akajinyoosha, mchukue. Akijikongoja, hata kama ana manyoya ya kung'aa, muache. Mchana kila mwenye ng'ombe mgonjwa anajua namna ya kumsimamisha.

"Njoo kesho saa mbili," alisema Halfani, bado anacheka. "Nitakuwekea na chai."

Makoye alifika saa kumi na mbili alfajiri. Hakupanga kumvizia mtu. Kwao saa mbili ni mchana, ng'ombe wameshafika machungani. Baridi ya Iringa ilikuwa inauma masikio, na Tusajigwe alimfuata nyuma akilalamika kwamba hata Uyole watu wenye akili saa hizi wako kitandani.

Geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na magari mawili: pikapu ya kubebea mizigo na lile shangingi. Pikapu ilikuwa imelowa umande kote. Shangingi nalo lililowa kwenye paa na milango, lakini boneti ilikuwa kavu. Makoye akaweka kiganja. Ilikuwa na joto kama ubavu wa ndama.

Halfani alikuwa amesimama pembeni, amevaa kikoi na sweta, funguo mkononi. Akaukodolea macho mkono wa Makoye.

"Nilikuwa... nalipasha tu moto," akasema.

Mtu mwingine angefoka. Makoye alijisikia aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Akaangalia chini, akaona tofali, akalikalia.

"Hamna shida, bwana Halfani. Nitasubiri lipoe."

"Lipoe? Mzee, hiyo ni saa nzima!"

"Hata mbili."

Akakaa. Halfani alijaribu kuongea juu ya mvua, akaongea juu ya bei ya vitambaa, akaishiwa. Mkewe, Mwanakhamisi, akatoka na birika la chai ya tangawizi na chapati, akawatazama wote watatu, akaangua kicheko.

"Nilikwambia, baba Shufaa! Mwambie mtu ukweli. Wewe kila alfajiri unaamka kulibembeleza gari kama una kichanga!"

"Mama Shufaa, ingia ndani."

"Siingii. Nataka nione."

Saa tatu boneti ilipoa. Halfani akawasha kwa mkono wa mtu anayechomwa sindano. Injini ikakohoa, ikazimika. Akawasha tena. Gari zima likatikisika, likatoa moshi mweupe mzito uliofunika pikapu, na Mwanakhamisi akakimbiza chapati zake ndani huku akicheka.

Tusajigwe hakucheka. Alifungua boneti, akatazama maji, akanusa moshi. Alipoinua kichwa alikuwa amenywea.

"Gasketi ya silinda hedi, ile ya kuzuia maji yasiingie, imeungua," akasema. "Usiku maji yanavuja yanaingia kwenye silinda. Likishapata moto, huoni kitu. Jana lilinifunga kamba, baba Violet. Nisamehe."

"Linatibika?"

"Linatibika. Hedi ipelekwe kusawazishwa, gasketi ibadilishwe. Vingine vyote ni vizima, hilo naapa."

Halfani alikuwa amejikalia ngazini. "Nilitaka nikwambie," akasema polepole. "Kila mteja akisikia, anaondoka. Wewe pia nenda, mzee wangu. Sikulaumu."

Hapo Makoye alisimama. Maneno mengi mbele ya watu yalikuwa yanamtoa jasho kuliko kuvuta maksai kwenye tope. Lakini akilini alimwona Ng'washi ameshika simu kwa mikono miwili, akikazana kumwona mtoto kwenye kioo chenye ufa.

"Siondoki," akasema. "Nalichukua. Ila jana ulikuwa unaniuzia mzima. Leo niuzie kwa bei ya mgonjwa."

Halfani akamtazama. Kisha akataja bei, nyingine kabisa, bei ambayo ingerudisha madume matano nyumbani.

"Na kamba," akasema Makoye.

"Kamba gani?"

"Kwetu ng'ombe akiuzwa anaondoka na kamba yake shingoni. Muuzaji hamvui."

"Sasa gari kamba yake nini?"

"Gasketi."

Mwanakhamisi akapasuka kicheko kule jikoni, Tusajigwe akapiga boneti kofi, na Halfani mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. "Mtu huyu nilidhani hajui kuongea! Haya, gasketi juu yangu. Na fundi atakula kwangu mpaka amalize."

Siku nne Tusajigwe alifanya kazi pale uani, akila pilau ya Mwanakhamisi na kuapa kwamba hataki kumaliza. Asubuhi ya tano, Makoye alifika na giza. Safari hii boneti ilikuwa imelowa chapachapa. Akawasha mwenyewe. Likaitika mara moja, safi, bila moshi. Tusajigwe akamkumbatia mbele za watu, na Makoye hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Jumamosi Ng'washi alipandishwa kiti cha mbele, mto mmoja mgongoni. Kwenye mashimo ya kutoka kijijini alifumba macho akisubiri maumivu. Hayakuja. Akafumbua jicho moja.

"Baba Violet, tumeshapita lile korongo?"

"Zamani."

"Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma, na kuanzia pale hadi Mbeya hakunyamaza. Walipanda milima ya kwenda Chunya anaimba, wakashuka kwenye joto anaimba.

Makongolosi, mtaa mzima ulitoka kulitazama shangingi. Violet alikuja mbio, mtoto mgongoni, akafungua mlango wa mama yake.

"Mama, shuka, karibu ndani!"

"Sishuki," alisema Ng'washi, amejikunja kwenye kiti kile cha ngozi. "Nileteeni mjukuu wangu hapa hapa. Na anayetaka kunisalimia apite dirishani."

Wakapita, mmoja mmoja, akina mama wa duka la pili na wachimbaji wa dhahabu wenye vumbi hadi kwenye kope, wakimpa mkono kupitia dirishani, na yeye akiwaonyesha kila mmoja pua ya mtoto. Walipoanza kuulizana mwenye gari ni nani, Makoye alifungua boneti haraka, akaingiza kichwa ndani, akajifanya anakagua maji. Alibaki humo muda mrefu, anacheka peke yake.