Ozella Mims Aambiwa Alete Barafu

Ozella Mims alikuwa jikoni kwake, simu sikioni, mkono wa pili umejaa unga, alipoambiwa na Myrtice Battle kwamba mwaka huu asihangaike na pai.

"Wewe tuletee barafu tu, dada," Myrtice alisema kwa ile sauti yake ya kubembelezea vichanga. "Barafu na vikombe vya karatasi. Umri huu jamani, si upumzike."

Barafu! Na vikombe! Asiyewajua watu wa Pinder Fork, mji mdogo wa kusini mwa Marekani, anaweza kudhani huo ni wema. Wema gani? Kwenye kanisa la Mlima Nebo, Jumapili ya Kurudi Nyumbani ya mwezi wa nane, siku waliohama hurudi kusali na kula pamoja, barafu huagizwa kwa wanaume wajane na kwa mabibi harusi waliounguza kuku mwaka uliotangulia. Mwanamke anayejua kupika huja na chombo chake, hukiweka kwenye zile meza ndefu nje ya kanisa, kisha husimama kando akijifanya anapiga soga, kumbe jicho liko kwenye chombo kuona kitaisha saa ngapi. Kumwambia mwanamke mtu mzima alete barafu ni kumwambia, mbele ya Mungu na wenzake, kwamba chakula chake hakiliwi.

"Myrtice," Ozella alisema, "mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja. Wewe unaleta nini?"

"Mimi? Pai ya pichi. Lakini mimi..."

"Lakini wewe hujaandikwa kitabuni. Malizia."

"Zella, usinianze. Mwaka huu Dosia mwenyewe anakuja. Watakuja na watu wa magazeti. Hatutaki... unajua tena."

"Sijui. Nieleze."

Myrtice akasema kuna mtu anabisha hodi, akakata simu. Anabisha hodi! Kwa Myrtice Battle habishi mtu hodi, hata mbwa wa jirani huuzunguka ua wake kwa mbali.

Dosia aliyekuwa akitajwa ni Theodosia Rountree, mwandishi. Ukiingia Pinder Fork utaiona sura yake imechorwa kwenye ukuta wa posta, kubwa kuliko mlango, miwani puani, anatazama juu kama mtu anayetafuta utando wa buibui darini. Alizaliwa nyumba iliyopakana na ya kina Ozella. Baba yake alilima pamba kwenye shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, na katika kugawana huko kila mwaka yeye alitoka na deni. Kuta za nyumba yao zilibandikwa magazeti kuzuia upepo, na Dosia alijifunzia kusoma hapo hapo, shingo imepinda, maana mengine yalibandikwa miguu juu kichwa chini. Mama yake alipofariki, akawa anavuka ua kila jioni kuja kula kwa kina Ozella. Ozella ndiye aliyekuwa akimkatia pai ya viazi vitamu, kwa sababu tangu msichana mkono wake ulikuwa mkono wa kupika, hata mama yake mwenyewe alikubali. Dosia alikula akalamba sahani, akaomba ya kufungiwa.

Halafu akapanda basi kwenda Chicago, na kutoka Chicago akaenda New York. Alisugua sakafu za ofisi za watu na kuandika akiwa amechoka hoi. Hakuna anayemnyima haki yake hapo, alitaabika, na wachapishaji walimrudishia karatasi zake mara chungu nzima. Lakini kitabu kilipotoka, nchi nzima ilikishika. Kikapewa tuzo, kikafanywa filamu, kikapelekwa mashuleni watoto wakitolee majibu ya mtihani.

Na ndani ya kitabu hicho kuna mwanamke anaitwa Rozella.

Rozella! Mwandishi mzima, mwenye makamusi nyumbani, amekosa jina lingine duniani ila la jirani yake, akalibandika herufi moja mbele na kuona amelificha. Huyo Rozella ni fundi wa pai za viazi vitamu. Ameachwa na shemasi wa kanisa. Basi Jumapili ya Kurudi Nyumbani anachanganya sumu ya panya na kungumanga, shemasi anakula mbele ya waumini, anaanguka kifudifudi kwenye bakuli la maharage. Wasomaji wanaambiwa hapo ndipo ulipo uzuri wa kitabu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Shemasi Amos Gaither alifariki kweli, siku chache baada ya Jumapili kama hiyo, Dosia akiwa bado msichana. Alifia kitandani kwake, kwa moyo, na daktari alikuwa amemkanya siku nyingi. Hakumwacha Ozella, kwani Ozella hakuwahi hata kumtupia jicho. Ampendee nini? Babu yule meno ya kuhesabika, tumbaku inamchuruzika kidevuni! Pai ya Ozella aliila, ndiyo. Kanisa zima liliila, na Dosia aliila kuliko wote.

Mwanzoni Ozella mwenyewe alicheka. Alisema Dosia tangu zamani ana mambo yake. Lakini mzaha ulianza kuota meno. Siku hizo Ozella alikuwa mpishi wa shule, na watoto wa eneo zima, ambao leo wengine ni manesi na mahakimu, walikua kwa mikate yake ya mahindi. Filamu ilipofika, mzazi mmoja akamfungia mwanawe chakula kutoka nyumbani. Akafuata mwingine. Mkuu wa shule, mtu wa kuchekacheka, akamwita Ozella akamwambia anamhamishia kwenye kufuta meza. "Ni mdomo wa watu tu, Bi Mims, yatapita." Hayakupita. Alifuta meza mpaka siku ya kustaafu, na vyakula vya mikebe vikaingia jikoni mwake.

Halafu akaja kufa Alonzo, mumewe. Alonzo alimaliza mapafu yake kwenye kiwanda cha nyuzi, vumbi la pamba likamkaa kifuani akakohoa miaka na miaka, mtaa mzima ukimsikia. Siku ya mazishi, watu wanakula, mwanamume mmoja wa ukoo wa Battle alimwinamia mwenzake akauliza, "Kwani naye alikula pai?" Wakacheka. Kwenye msiba, jamani! Mjane amekaa hapo hapo, masikio yake mazima! Ningekuwa na uwezo ningewatandika wale wawili kwa fimbo aliyokuwa akitembelea Alonzo, lakini Ozella alikunja leso yake tu.

Hata hivyo kila mwezi wa nane alipeleka pai zake kanisani, na kila mwaka sahani zilirudi tupu. Akajipa moyo kwamba angalau Mlima Nebo wanamjua. Mpaka mwaka jana, alipokwenda kumwaga mifupa ya kuku kwenye pipa. Humo ndani aliviona vipande vya pai yake, kila kimoja kimefungwa vizuri kwenye leso ya karatasi, hakijaguswa na jino. Walikuwa wakichukua kwa adabu na kutupa kwa adabu. Alisimama pale mpaka nzi wakamzoea.

Kwa hiyo Myrtice alipokata simu, Ozella alirudi kwenye unga wake. Alikuwa anataka jambo moja tu kabla ya kufa. Dosia aile pai ile mbele ya watu, na aseme kwa kinywa chake kwamba Ozella Mims hakumwekea mtu sumu. Sentensi moja. Aliyejaza kitabu kinene vile hawezi kukosa sentensi moja.

Jumapili ilipofika alivaa kofia yake ya rangi ya zambarau, akabeba pai. Barafu na vikombe pia alibeba, asije akasemwa hana adabu. Mchungaji Lattimore alihubiri mpaka watoto wakasinzia, halafu watu wakamwagika nje kwenye meza. Kulikuwa na wageni wengi kuliko siku zote, wengine wamevaa zile aproni zinazouzwa posta, zimeandikwa kifuani: Nimekula kwa Rozella na bado ninapumua.

Msichana mmoja wa Atlanta akamrukia na simu yake. "Bibi, wewe ndiye Rozella? Naomba tupige picha na pai!"

"Mimi ni Ozella Mims. Rozella yumo kitabuni, kamtafute humo humo."

"Ee, anavyoongea! Ni yeye mtupu!" msichana alisema, akapiga picha.

Dosia alikuwa ameketishwa meza ya mbele, nywele zake nyeupe pe, shali nzuri mabegani. Mbele yake wanawake walikuwa wameshindania kuweka sahani. Alipomwona Ozella alinyanyuka akamkumbatia.

"Zella wangu! Mbona hujazeeka?"

"Nimezeeka, Dosia. Usianze kutunga."

Watu wakacheka. Ozella hakucheka. Alisukuma bakuli la maharage kando, akaweka pai, akakata kipande kizuri, akakitia kwenye sahani. Soga zikafa meza kwa meza, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Kula," alisema.

Dosia akatabasamu kwa ajili ya watu wa magazeti. "Nyie, nikianguka mnidake!"

Vicheko vikalipuka. Ozella akangoja viishe.

"Usiwachekeshe. Kula, kisha uwaambie."

"Niwaambie nini, mpenzi wangu?"

"Kwamba ulitunga."

"Lakini Zella, riwaya hutungwa. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua? Myrtice! Hebu njoo hapa. Mwambie mgeni uliniagiza nilete nini leo."

Myrtice akajitia kufukuza nzi kwenye kuku.

"Mwambie!"

"Barafu," Myrtice alisema kwa sauti ya kumezwa.

New York haikuwa imemtoa Dosia Pinder Fork yote mwilini. Neno lile hakuhitaji kufasiriwa. Tabasamu lilimtoka, akakaa, akatazama vikombe vya karatasi vilivyopangwa kando ya pai.

"Barafu, Zella?"

"Barafu. Na jikoni mwa shule walinitoa. Na Alonzo wangu wamemcheka akiwa bado hajafukiwa. Wewe hukuwepo. Wewe ulikuwa unapokea tuzo. Kula."

Dosia akachukua uma. Akakata ncha ya kipande, akainyanyua. Harufu ya kungumanga ilifika mpaka aliposimama Mchungaji. Uma ukapanda, ukapanda, halafu ukasimama karibu na mdomo. Ozella aliyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu anayejumlisha yote aliyomtendea mwenzake na kujiuliza kama mwenzake naye amejumlisha.

Uma ukarudi kwenye sahani.

"Daktari amenikataza sukari," Dosia alisema.

Hebu fikiria! Kwenye sahani yake ya pili ilikuwepo pai ya pichi ya Myrtice, imeliwa nusu, na sharubati yake ilikuwa bado inang'aa pembeni mwa mdomo wa mheshimiwa.

"Na hiyo pichi, Dosia? Hiyo daktari ameiruhusu?"

Dosia akapangusa mdomo.

"Sumu umeiweka wewe," Ozella alisema, na sauti yake sasa ilikuwa inapanda, "umeiweka kwa kalamu yako, ukiwa umekaa kwenye kiti chako, mimi sikuwepo. Na bado unaiogopa? Wewe? Uliyeila pai hii kwetu mpaka ukalala mezani?"

Dosia akaukamata mkono wake, akavuta sikio lake karibu. "Nisamehe, Zella," alinong'ona.

"Sema kwa sauti. Uliponichafua hukunong'ona."

Dosia akawatazama watu wa magazeti. Akaitazama kamera. Midomo ilifunguka, na kwa kitambo kifupi Ozella aliamini sentensi yake inakuja. Kisha midomo ikafungwa. Mwanamke aliyesifiwa kwa maneno na dunia nzima alikaa pale hana hata moja la kumpa jirani yake.

Ozella akauchomoa mkono wake. Akavuta kiti, akakaa mkabala naye, akaisogeza ile sahani kwake na kuuchukua ule uma uliokataliwa. Akaanza kula. Haki ya Mungu, pai ilikuwa nzuri. Viazi vilikuwa laini, siagi imekolea, ukoko unavunjika bila kubishana. Alikula pole pole, kama mtu aliye kwake. Hakumkaribisha mtu.

Alikuwa amefika nusu ya kipande alipogundua kwamba kumekuwa kimya mno. Watoto wameacha kukimbizana. Myrtice ameshika kijiko hewani. Mchungaji amekumbatia Biblia. Yule wa magazeti ameinua kamera na hapigi. Kwanza alidhani ni aibu, kwamba hatimaye imewaingia, akataka hata kuwaonea huruma. Halafu akaona wanakotazama. Hakuna aliyekuwa akimtazama machoni. Walikuwa wakifuata kila tonge linavyoshuka, wakishika pumzi.

Akaweka uma chini.

"Mnangoja nini?" aliuliza.

Akamgeukia Dosia, na Dosia naye alikuwa akimtazama kooni.