Kiti cha Liwali Kimefika Louisville

Shangazi yangu hakuwahi kumlaumu nahodha. Tangu nilipokuwa mtoto wa kusukwa nywele miguuni pake, aliyelaaniwa katika kile kisa alikuwa mkalimani. "Angeongeza neno moja tu," husema. "Moja! Lakini wapi, bahau yule."

Kisa chenyewe ni kifupi. Babu wa babu yake, Mwarabu, alikuwa liwali wa sultani katika mji wetu mdogo wa pwani. Siku moja manowari ya Wazungu ikatia nanga, ikapiga mizinga ya salamu, na watu wasiozijua salamu za namna hiyo wakakimbilia mashambani. Liwali hakukimbia. Alipeleka mbuzi na madafu melini, na nahodha aliposhuka akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa vipande vya pembe. Wakanywa kahawa, wakala halua, wakazungumza habari za bendera na ushuru wa forodha. Liwali alitaka kitu kimoja tu, mgeni aondoke kwa amani na bendera ya sultani ibaki juu. Nahodha alipoinuka akakipapasa kiti, akakisifu. Liwali akajibu kama angejibu muungwana yeyote wa kwetu: "Chako hicho, bwana."

Sasa, kwetu mtu akisifu kitu chako unamwambia ni chake, naye anajibu, "Kitulie kwako, Mungu akubarikie nacho." Basi. Kitu kinabaki pale pale na kila mmoja kaonekana ana malezi. Hata mtoto anajua. Mimi niliwahi kusifu ndala za jirani, nikaambiwa zako hizo, nikazivaa nikaenda nazo nyumbani. Kofi nililokula bado linawasha.

Mkalimani akatafsiri "chako hicho" neno kwa neno, akanyamaza. Nahodha akashukuru, akawaita mabaharia wake, kiti kikabebwa mpaka kwenye mashua. Liwali akabaki amesimama. Watu walioona wakanong'ona kwamba aliyetoa kiti katoa na mji, na haukupita muda bendera nayo ikashushwa.

Kwangu hiyo ilikuwa hadithi ya wazee, mpaka juzi juzi. Naishi ughaibuni, Westerville, kaskazini mwa Columbus, na kazi yangu, Mungu naye ana mzaha, ni ukalimani wa hospitali. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo, wengine nawasikia kwa simu tu wakiwa Louisville. Mmoja wao, dada anayemtunza bibi kizee wa Kizungu, tukazoeana hadi nikamsimulia mambo ya kwetu. Siku moja akanitumia picha. "Bon, dada," akasema, "angalia hii kiti ya mama yangu wa kazi. Si iko kama ile ulinielezaka, ya kwenu ku bahari?"

Nikaikuza picha. Kwenye mgongo wa kiti kipande kimoja cha pembe hakikuwepo, na pengo lilikuwa limezibwa kwa kifungo cha chaza. Lo! Shangazi hajawahi kukisimulia kisa bila kukitaja kifungo kile, ambacho mke wa liwali alikikata kwenye kanzu ya mumewe.

Shangazi anaishi Buffalo kwa binti yake. Figo zake zimekufa, anasafishwa damu kwa mashine, na madaktari wameacha kutuambia habari njema. Nilimpigia, nikamweleza habari ya picha. "Nipeleke," akasema. "Nakitaka. Nikikikosa, basi nikikalie hata mara moja, nife nimekaa."

Lakini akaniwekea sharti. Nisiombe. "Mgeni haombi, husifu. Mimi nitakisifu, yeye ataniambia chako hicho, na safari hii mwenzio sijibu kitu. Nakibeba!" Tukacheka, wallahi, mpaka akakohoa.

Nikamfuata Buffalo kwenye theluji, akalala kwangu, asubuhi tukateremka Louisville, dada Mkongo akiwa ameshamwambia mama yake wa kazi kwamba tunakuja kumsalimia tu. Alikuwa amejifukiza udi, kavaa baibui lake jipya, na mkononi kekee, ile bangili pana ya fedha aliyoachiwa na mama yake. Katika vyote vya nyumba ya liwali, ni hiyo tu iliyokuwa imebaki mikononi mwetu.

Yule bibi alikuwa mwema. Angekuwa mkorofi ningefurahi, ningejua pa kuzipeleka hasira zangu. Alitukumbatia mlangoni, akamwambia dada Mkongo atuletee chai na biskuti, akamkalisha shangazi kwenye sofa laini lililommeza mpaka magoti yakawa juu. Kiti kilikuwa dirishani. Juu yake alilala paka, mnene kama mto.

"Babu mzaa babu yangu alikuwa nahodha wa manowari," bibi akasema. "Mfalme mmoja wa Kiarabu alimpa kile kiti. Alimpenda mno." Nikatafsiri. Shangazi akajiweka sawa kwenye sofa.

"Mwambie ni kiti kizuri."

Nikamwambia. Bibi akatabasamu, akasema asante.

"Mwambie sijaona kiti kizuri kama hiki."

Asante tena. Bibi akamsogezea biskuti.

Mara ya tatu shangazi alikisifu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha hospitalini. Bibi akaguswa kweli. Akaeleza kwamba akifa kitakwenda jumba la makumbusho, ameshawaahidi. Shangazi akanitazama nitafsiri. Nilipomaliza aliitikia kwa kichwa tu.

Hapo nikavunja sharti. Nikauliza kama mama huyu mgonjwa anaweza kukikalia kidogo, dakika moja. Bibi akasikitika, akasema kamba za kiti zimechoka, fundi amekataza mtu asikikalie. "Paka ni mwepesi," akaongeza.

Mwepesi! Nikafungua kinywa niseme yote, nahodha, mkalimani, kifungo, yote. Shangazi alinifinya paja kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Nyamaza. Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Nikanywa chai isiyo na sukari.

Mlangoni, tukiagana, bibi akamshika shangazi mkono. Ndipo alipoiona kekee. Akaigeuza geuza, akasema hajapata kuona kitu kizuri namna hii maishani. Shangazi akaniuliza kasemaje. Ningedanganya! Ningesema anatutakia safari njema! Lakini nikatafsiri, kwa mazoea ya kazi.

"Mwambie, yako hiyo," shangazi akasema.

Sidhani alifikiri. Ni adabu ya miaka yote ile iliyomtoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Na mimi nilijua kabisa neno lililohitajika kuongezwa. Lakini niongezeje? Kwamba shangazi amesema asichokikusudia? Nimfanye mwongo mlangoni kwa watu, mbele ya kiti cha babu yake? Alikuwa ananitazama, kidevu juu. Nikatafsiri neno kwa neno, nikasimama pale nikimwomba Mungu yule bibi akatae.

Bibi alitokwa na machozi. Akamkumbatia shangazi, akanyoosha mkono wake. Shangazi akaivua kekee, ikakwama kidogo kwenye mishipa iliyovimba kwa sindano za mashine, akaisukuma hadi ikatoka, akamvisha mwenyewe. "Aah, mama," dada Mkongo akasema taratibu, akaangalia chini.

Tulikuwa tumeshavuka mto, tuko njiani kurudi Columbus, ndipo shangazi aliponiuliza. "Alisema nini pale mwisho?"

"Alisema asante. Alisema hataivua kamwe."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kama ulivyosema, shangazi."

Akatazama nje, malori yakitupita. "Masikini," akasema. "Yule mkalimani nimemlaani bure miaka yote hii." Kisha akaivuta mikono ya baibui mpaka vidoleni, akaniomba niwashe hita.