Matanga ya Cherehani

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona pale Makanyagio, mjini Mpanda, na kwa miaka mingi alitumia cherehani cheusi cha kukanyaga kwa miguu. Kikiugua, dawa yake ilikuwa matone ya mafuta, mkanda mpya, au kofi. Mimi mwenyewe niliwahi kukipiga kofi kikapona.

Kisha mjomba akaja na treni kutoka Dar es Salaam akiwa amekumbatia cherehani cha umeme. Kilikuwa cheupe, kina vitufe vya kuchagulia mshono, na hata maua kilidarizi. Mama akapagawa. Umeme wa mji wetu siku zile ulikuja ukipenda na kuondoka ukipenda, lakini hilo halikumtisha. Akamuuzia jirani kile cheusi, huku akimtangazia kila mteja kwamba ameachana na chuma chakavu. Mama yangu akisifia kitu, husifia mpaka mtaa wa pili wasikie.

Jirani mwenyewe alikuwa Msukuma, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na sisi ni Wanyamwezi. Alikuwa mtani wetu, basi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na kunywa chai yako bila kukaribishwa. Hata ukifiwa, huja kulia kilio cha uongo, akabeba mali ya marehemu na kukaa nayo mpaka uikomboe. Kukasirika ni mwiko. Siku aliyonunua kile cherehani alikifunga kwenye baiskeli ya mumewe, akasema, "Ya kale dhahabu, mtani. Wewe baki na bati lako."

Mwaka niliopokea Komunyo ya Kwanza, mama alipewa kazi ya kushona magauni meupe ya wasichana wote wa kigango chetu, na langu likiwemo. Akakata vitambaa vyote kwanza, kama alivyozoea. Alhamisi, Komunyo ikiwa Jumapili, cherehani cha umeme kikakoroma, sindano ikasimama. Mama akatia mafuta. Akakipiga kofi. Wapi!

Tukakipeleka kwa fundi wa sokoni. Alifungua kifuniko, akachungulia, akatoa kidude kidogo cheupe.

"Gia imekatika meno, mama. Ni ya plastiki hii."

"Basi itengeneze."

"Hizi hazitengenezwi, zinabadilishwa. Mpaka iagizwe Dar."

Akataja bei. Mama akamwomba arudie, labda amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya. Bei ilizidi pesa yote aliyopata kwa kile cheusi, na hiyo ilikuwa gia peke yake. Bado ufundi, bado gharama ya mzigo kwenye treni.

"Yaani kidude hiki kinazidi bei ya cherehani kizima?"

"Ndio usasa huo, mama."

Tukakibeba tukarudi nacho nyumbani. Dawa tuliijua sote wawili, na ilikuwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Nikajikaza nikasema, "Mama, si tukaazime kwa mtani?" Alinitupia jicho moja tu. Baada ya maneno yote yale ya chuma chakavu, angekwenda na uso gani? Nikaingia chumbani nikalia. Gauni langu lilikuwa mikono miwili na kipande cha mgongo juu ya kitanda, nami nilijiona nikipokea Komunyo na sare ya shule.

Ijumaa asubuhi kilio kikasikika uani, kilio hasa cha msiba. Habari za sokoni zilikuwa zimemfikia mtani. Alikuja amejifunga kitenge kiunoni, unga wa mhogo umejaa kichwani, akigaragara mlangoni kwetu.

"Uwii! Kijana wa Dar amekufa! Mchanga kabisa, hata meno hayajakomaa!"

Wapita njia wakasimama. Akaingia sebuleni, akakifunika cherehani cha umeme kwa shuka, akauliza kwa huzuni kama marehemu ameacha mke. Mama alibana midomo kadiri alivyoweza, lakini midomo ikamshinda. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Hapo mtani akafanya kazi ya watani. Akaingia chumbani, akazoa vipande vyote vya magauni, akavifunga kwenye shuka nyingine na kujitwika.

"Urithi wangu huu. Anayeutaka aje aukomboe."

Akaenda zake, na gauni langu kichwani. Nikaanza kulia upya. Mama akaacha kucheka, akavaa kandambili, akanishika mkono. Mtani akichukua mali ya msiba, mwenyewe huifuata, na hakuna wa kumcheka.

Tuliukuta mlango wazi. Cherehani cheusi kilikuwa kimesogezwa dirishani penye mwanga, kimefutwa vumbi na kutiwa mafuta. Vipande vyetu vilikuwa pembeni, vimekunjwa vizuri. Kwenye sindano kulikuwa na uzi mweupe, umeshatungwa. Mtani alikuwa akishona sare za shule tu, na uzi wake siku zote ulikuwa wa bluu.

Mama aliugusa ule uzi kwa kidole. Mtani alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Usinizibie mwanga, we Mnyamwezi. Komboa mali yako."

"Niikomboe kwa nini?"

"Kwa kushona. Watoto watakwendaje kanisani uchi?"

Mama akakaa, akaweka miguu pale pale ilipozoea. Macho yalikuwa yamemlowa, nami nilimpenda mtani yule kwa moyo wangu wote. Gauni langu ndilo lililokuwa la kwanza. Alipolifikisha kwenye pindo, mama alisema bila kugeuka:

"Chuma chakavu hiki kinashona vizuri, mtani."

Nilimtazama mtani nikingojea tusi. Aliendelea kumenya viazi, akitabasamu.