Mlango wa Depo

Mama alipofika kwetu mjini, mtaa wa Bigo, kutoka kijijini kwake Aveba, alikuja na furushi moja la kitenge, na hakulifungua. Watu wa kwao walikuwa wametawanyika kwa sababu ya vita, nyumba yake ilibaki kuta tupu, lakini kila asubuhi aliniambia: "Kukitulia kidogo, mi narudia." Nilijua huko hakukuwa na utulivu wowote. Nilitaka abaki. Mwaka ule sikutaka kitu kingine.

Kikwazo kilikuwa mume wangu. Si kwa tabia, maana ni mpole hata kuku wetu hawamwogopi. Kikwazo ni kwamba yeye ni mkwe. Kwetu sisi mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake, hali chakula mbele yake, na kulala chini ya paa lake ni aibu kubwa. "Mi nilale mu nyumba ya mukwe, batu batasema nini?" Basi akawa analala kwenye kibanda cha jikoni, juu ya mkeka, kando ya mafiga. Mama aliyenizaa. Kila nikisikia kikohozi chake cha moshi niliona haya.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na depo, kijumba cha matofali cha kuwekea majembe, magunia ya mahindi na vyuma ambavyo mume wangu hakubali kutupa. Nikaamua hapo patakuwa nyumba ya mama, na paa lake mwenyewe. Nikaamua pia pawe pazuri, kwa kuwa mimi nikishika jambo siliachi nusu. Majembe yakaenda kwa jirani, vyuma vikaenda ninakojua mimi. Kuta nilizipaka rangi nyeupe, chini nikaweka karo, vigae vyekundu. Fundi akatengeneza kitanda cha mbao nzuri za mti wa libuyu na kabati fupi ambalo mama angelifikia bila kujinyoosha. Nikashona rido za dirishani kwa kitenge cha majani. Kikapu cha zamani cha kupepetea nikakitundika juu kiwe kifuniko cha taa, na mwanga ukawa unashuka taratibu kama jioni ya kijijini. Wanawake wa mtaa walikuja kuangalia, na mimi sikuwazuia.

Mama aliingia, akakaa kitandani, akapapasa mbao. "Aksanti, mutoto yangu. Iko muzuri sana."

Kisha hakutoka. Kutwa nzima nilimkuta ndani, rido zimefungwa, furushi chini ya kitanda na fundo lake vilevile. Alitoka tu mume wangu akiwa kazini. Siku moja akaniuliza kama kuna gari la kwenda upande wa Irumu, njia ya kwao. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mume wangu kwamba wazee hawaridhiki, hata ukiwapa pepo watauliza moshi wa jikoni uko wapi. Yeye alisimama mlangoni petu akiangalia depo, akaangalia tena.

Jumapili mama na mimi tulirudi kutoka kanisani tukakuta vumbi. Ukuta wa nyuma wa depo, ule mweupe wangu, ulikuwa na tundu la kupita mtu. Mume wangu na fundi wa matofali walikuwa wamepauka kama wasaga unga. Mama alijifunika uso, akakimbilia jikoni.

"Papa, unafanya nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Mulango ya mama inaangalia mulango yetu," akasema. "Mi nikinawa uso, anaona miye. Mi nikikaa inje, anaona miye. Sasa muzee atatoka namna gani?"

Mimi, binti wa desturi hiyohiyo, nilifikiria rido na taa, nikamfungia mama yangu ndani kwa mapambo. Aliyemwona ni yule asiyeruhusiwa kumtazama.

Mlango mpya ukaelekea shambani, kwenye migomba. Ule wa zamani ukazibwa kwa matofali. Mama alipoingia tena, alisimama akitazama kijani kibichi, kisha akaniambia kwa sauti kubwa, huku mume wangu akiwa nyuma ya ukuta anakusanya vifusi: "Ambia papa ya batoto, mi nimeona kazi yake."

Sauti ikajibu kutoka ng'ambo: "Ambia mama, haiko kitu."

Mimi nilikuwa katikati, sina ujumbe wa kupeleka.

Kesho yake nilikuta kitenge cha furushi kimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, nguo zake ziko kabatini. Yeye alikuwa nje, amefunga kiuno. "Majembe ya hii depo mulipeleka wapi?" akauliza. Nilikimbia kwa jirani kuchukua moja. Alilima mpaka jua lilipopanda, kisha akafungua kitambaa kidogo na kutoa mbegu za maharage alizotoka nazo Aveba. Zile alizokuwa akizitunza za kurudi nazo kwao. Akazipanda zote, na mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, nikalia.